Mjumbe wa Tano

Viti vya chekechea havikutengenezwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati ya usalama, lakini ndivyo vilivyokuwepo, na kila Jumapili saa kumi alasiri watu wazima wenye vitambi vyao walivikalia, magoti yakiwa kidevuni, wakajadili wezi. Jumapili hiyo walifika wanne. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na akidi ilikuwa watano. Bila watano hakuna kikao wala azimio, kuna soga tu.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuahirisha kikao hata kimoja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko alivyotaja majina ya wajukuu zake.

"Dereva yuko wapi?" aliuliza.

"Safarini na lori," alijibu Katibu, mwanamke fundi cherehani aliyekabidhiwa daftari la kamati kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. "Wengine wawili, mmoja kalazwa, mmoja kahama."

"Mkiahirisha," alisema Mama Duka, ambaye wiki hiyo alikuwa ameibiwa mitungi miwili ya gesi, "Jumapili ijayo mtanikuta nauza rafu zenyewe."

Mwalimu alikitazama kiti cha tano, kile cha karibu na dirisha. "Katibu, andika watano."

"Wa tano nani, Mwalimu?"

"Andika Mjumbe, basi. Weka na saini. Daftari likisema kiti kina mtu, kina mtu."

"Kwa kweli, kwa kweli," alisema Fundi Bomba, ambaye hakuweza kuanza sentensi bila maneno hayo, tena kwa sauti iliyosikika nyumba tatu mbele, "huyo ndiye mjumbe ninayempenda. Hatabishana na mtu."

Wakacheka. Katibu naye alicheka, akaandika "Mjumbe" kwenye mstari wa tano na kubuni saini: miduara miwili na mkia mrefu ulioshuka hadi mstari wa chini.

Azimio lilikuwa moja. Wezi walijificha humo humo mtaani, na kelele za usiku ziliwasitiri. Mwalimu alilisoma polepole ili Katibu aandike: kila mjumbe ataruhusiwa kuingia nyumba yoyote, muda wowote, bila kubisha hodi, na kuondoa chochote kinachovuruga utulivu wa mtaa.

"Chochote?" aliuliza Katibu.

"Chochote. Tukianza kuorodhesha tutakesha. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Jua la alasiri lilipenya dirishani na kutupa vivuli vyao ukutani, juu ya picha za herufi. Katibu alinyoosha mkono wake, akainua macho kutoka kwenye daftari na kuona ukutani mikono mitano. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine. Mingine iliposhuka, huo ulibaki juu kidogo, kisha nao ukashuka bila haraka. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa kidole, na alipofika kwenye kiti cha dirishani alisema "watano" bila kusita, kama mtu aliyeona mtu. Chumba kilinukia vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi minne.

Katibu alijiambia ni uchovu wa macho. Mafundi cherehani macho yao huwachezea.

Wizi ulikoma. Kesho yake mwizi mmoja anayejulikana alikutwa amekaa kwenye bomba la mtaa, mitungi ya Mama Duka iko pembeni yake, anafungua mdomo na kuufumba bila kutoa hata mguno. Watu waliisifu kamati. Kisha mbwa wakaacha kubweka. Majogoo walinyoosha shingo alfajiri na hakuna kilichotoka. Watu walilala usingizi mnono na kusema kumbe Mwalimu ni kiongozi hasa, mpaka siku mjukuu mchanga wa Mama Duka alipolia, machozi yakamtiririka, mdomo wazi, na chumba kikabaki kimya.

"Amekuwa mtoto mpole," jirani alimfariji.

"Mpole?" alinong'ona Mama Duka, na kunong'ona hakukuwa kawaida yake. "Huyu analia, mwenzangu. Mtazame. Analia hivi sasa."

Siku iliyofuata Fundi Bomba alifika kwa Katibu akiwa ameshika koo. Alipoulizwa ana nini, alifungua mdomo wake mkubwa na hakikutoka kitu.

Hapo ndipo Katibu alipoanza kuogopa sawasawa, maana nyumbani kwake alikuwa na Kasuku. Ndivyo alivyomwita binti yake wa miaka saba, aliyeanza kusema anapofungua macho na kunyamaza anapoyafumba, na asipopata mtu alizungumza na vifungo vya nguo. Baba yake alifariki kabla hajamsikia akitamka neno. Katibu alimwambia mara kumi kwa siku, "Wewe mtoto, niache nifikirie," na hakuwahi kumwambia kwamba sauti ile ndiyo iliyomwinua kitandani kila asubuhi tangu awe mjane.

"Mama," alisema Kasuku jioni hiyo, "mjumbe wenu alikuja tena ulipokwenda kununua nyuzi."

"Mjumbe gani?"

"Yule mrefu. Habishi hodi. Anakaa kwenye kiti changu, magoti yanamfika hapa." Alishika masikio yake. "Nikisema anatikisa kichwa. Anasema nina mengi."

Katibu aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ungesikia, "Anasemaje? Sauti yake ikoje?"

Mtoto alifikiri. "Hana ya kwake. Juzi alilia kama mbwa wa jirani. Leo amesema kama Mjomba Fundi Bomba."

Tangu saa hiyo Katibu hakumwacha binti yake hata kwenda msalani. Alifunga mlango kwa komeo, akasukuma meza nyuma yake. Alhamisi mchana alikuwa akishona sare za shule, Kasuku yuko sakafuni akivisimulia vifungo hadithi, na cherehani ikiunguruma kama kawaida yake, na ilikuwa hivyo hivyo, mguu ukikanyaga na sindano ikipanda na kushuka, mpaka Katibu alipogundua kwamba kwa muda asioujua amekuwa akiitazama sindano ikipanda na kushuka na uzi ukiingia kitambaani bila mngurumo wowote, na kwamba ile harufu ya vumbi lililolowa ilikuwa imejaa chumbani hadi kooni, na kwamba nyuma yake Kasuku alikuwa akisema, "Basi kifungo kikubwa kika—" na neno likakatika katikati kama uzi unavyokatwa kwa meno.

Aligeuka. Meza ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, komeo limefungwa. Kasuku alikuwa ameshika kifungo na midomo yake ilikuwa bado inakwenda. Kisha mtoto mwenyewe akatambua, akamtazama mama yake, na woga aliouona Katibu kwenye macho yale hakuusahau tena.

Mama Duka ndiye aliyemjua mtaalamu mmoja, bibi wa makamo aliyetoa majini kwenye nyumba za watu na kurudi kwake kabla chai haijapoa. Ijumaa walimleta chekechea. Alifika mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu simwezi," alisema.

"Bibi, tutakulipa chochote."

"Si suala la malipo, mwanangu. Mimi namfukuza aliyevamia. Huyu hakuvamia. Mmempa kiti, mmemwandika, mmempa na ruhusa. Kosa lake ni lipi?" Aliteremsha sauti. "Mtoeni mlivyomwingiza. Kaeni watano wa nyama na damu, mseme mlidanganya, mmfute. Lakini mkipungua hata mmoja, mtakuwa mmemkaribisha mara ya pili. Na anayekaribishwa mara mbili si mgeni tena."

Mwalimu alipoambiwa, alikataa. "Nisimame niseme niligushi akidi? Miaka kumi na mmoja, Katibu?"

"Mwalimu," alisema Katibu, na hakupandisha sauti, "wewe ubaki na jina lako, mimi nibaki na mtoto asiyeweza kuniita?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Ita kikao."

Wa tano angekuwa Dereva. Katibu alimpigia simu, naye akajibu kutoka mbali, injini ikivuma, "Usijali, dada. Jumapili nitafika hata kwa miguu."

Jumapili saa kumi walikuwa wanne. Saa kumi na robo walikuwa wanne. Kasuku alibaki na Bibi mtaalamu, nyumbani kwa Katibu, na kila dakika iliyopita Katibu aliiona kama anaporwa. Saa kumi na nusu mlango ulifunguka na Dereva akaingia, kofia imeshushwa hadi machoni, kitambaa kimefungwa shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani na kukikalia, magoti yake yakiwa juu sana.

"Umechelewa, ndugu yangu," alisema Mwalimu.

Dereva aligusa koo lake kuonyesha ana mafua. Katibu alitamani kumbusu mikono. Alimsukumia daftari, likatiwa saini, akalirudisha mapajani bila kuliangalia kwa haraka ya kuanza kikao, na ile harufu ilipomjia alijua tu kwamba adui yuko chumbani, amekasirika, anasikiliza.

Mwalimu alisimama. Alisema kwamba kikao kilichopita hakikuwa na akidi, kwamba yeye kama mwenyekiti aliamuru liandikwe jina la mtu asiyekuwepo, kwamba Katibu hana hatia ila ya kumtii mzee, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyofifia kama redio inayoishiwa betri, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi, mpaka akabaki amesimama na machozi yanamtoka na midomo inamalizia kukiri kwake bila kusikika. Katibu aliruka kutoka kitini kabla sauti yake yeye haijachukuliwa.

"Natoa hoja. Mjumbe aliyeandikwa mstari wa tano hakuwepo, hayupo, na si mjumbe. Afutwe, na arudishe vyote alivyochukua. Nani anaunga mkono?"

Mama Duka alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Kwa kweli, kwa kweli," alisema Dereva chini ya kofia yake, "naunga mkono."

Fundi Bomba aliruka juu, kiti chake kikaanguka bila kishindo. Alishika koo lake mwenyewe kwa mikono miwili, akamnyooshea Dereva kidole, akarudi kulishika koo, macho yamemtoka. Katibu, aliyesikia tu kwamba hoja imeungwa mkono, alimshika bega huku akilia kwa furaha. "Yako pia itarudi, Fundi. Vumilia. Wanaokubali, mikono juu." Ilinyooshwa. Ukutani hakutazama, hakuthubutu. Alifungua ukurasa wa Jumapili iliyopita, akapiga mstari juu ya jina la Mjumbe na juu ya azimio lile.

Na sauti zikarudi. Mbwa wa mtaa mzima walibweka kwa pamoja, jogoo akawika alasiri kama amechanganyikiwa, na simu ya Mama Duka ikalia na ndani yake kichanga kikawa kinapiga kelele za kutoboa masikio, na Mama Duka akaiweka sikioni na kucheka huku analia. Mwalimu alisema, "Jamani," akashangaa kujisikia. Kiti cha dirishani kilikuwa tayari kitupu. Madereva na haraka zao. Fundi Bomba peke yake ndiye aliyekuwa bado anafungua mdomo bure, amemng'ang'ania Katibu mkono, anachora kitu hewani.

"Kesho, Fundi," alisema Katibu, akajinasua, akakimbia nyumbani na daftari kwapani.

Kasuku alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"—kikameza kidogo," alisema mtoto, akimalizia alipokatiwa Alhamisi. "Mama, mbona hukuwa unanisikia? Nilikuwa nakuita."

Katibu alipiga magoti akamkumbatia, akamwambia yale ambayo hakuwahi kumwambia, kwamba aseme, aseme mpaka kesho, hatamnyamazisha tena maisha yake yote. Bibi mtaalamu aliwaacha, akaaga kimya kimya. Kasuku akaanza kusimulia, na simu ikalia.

"Dada, nisamehe," alisema Dereva. Sauti ilikuwa safi, haina mafua hata kidogo. "Lori limeniharibikia njiani tangu asubuhi, na mtandao ndiyo kwanza unarudi. Vipi, mliahirisha?"

Katibu alilifungua daftari kwa mkono mmoja, kwenye ukurasa wa leo, akashusha kidole hadi mstari wa tano. Palikuwa na miduara miwili na mkia mrefu ulioshuka hadi mstari wa chini, saini aliyoibuni yeye mwenyewe siku ile wakicheka.

"Dada? Upo?"

Chumba kilinukia mvua. Kasuku alikuwa bado anasimulia, kisha akanyamaza mwenyewe, kama anavyonyamaza mtoto mwenye adabu mgeni anapoingia. Alitazama juu ya bega la mama yake, kuelekea mlangoni.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibiwa, na sauti iliyojibu ilikuwa ya Kasuku.