Mtungi wa Nikolao

Maji ya mtungi mpya yalinuka maziwa. Veridiana aliyamwaga mara mbili, na ukijua maji ya Newala yanavyopatikana, kushuka bondeni alfajiri na kupanda na debe kichwani mpaka jua la utosi, utaelewa kwamba mwanamke hayamwagi kwa mzaha. Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, alikuwa ameahidi mabomba. Haya, tunasubiri.

Mtungi aliununua Nikolao, mumewe, masikini ya Mungu. Mimba changa kwao haitangazwi, hata kwa mume. Ya tatu ya Veridiana ilipoharibika kwenye mlima ule wa maji, Mama Nikolao alimkataza mkwewe kulia, akaifukia mwenyewe nyuma ya nyumba, kisha akamwambia mwanawe kile wanachosema wanawake wa pale mbele ya wanaume: mtungi umevunjika. Nikolao akaenda kununua mwingine. Akarudi nao anacheka.

Siku ya tatu mtungi ulilia. Mchana kweupe, watu wanapepeta mtama. Kilianza kikohozi kidogo, halafu kilio chembamba cha kitoto kilichopanda ukutani, kikazunguka paa, kikashuka hadi jikoni alipokaa Veridiana, kikamfuata chumbani, kikatulia shingoni pake kama pumzi.

Akaitwa Bwanali, mganga wa majini. Akafukiza ubani, akauliza anayelia ni wa nani.

"Si wa mtu," Mama Nikolao akanong'ona. "Mtungi tu ulivunjika."

Kilio kikazidi. Bwanali akasema jini lina kwao, na yeye hulirudisha huko. Huyu kwao ni hapa, na hatanyamaza mpaka mwenyewe amtaje.

Mama mkwe akamkazia macho Veridiana. Lakini Veridiana alikuwa amechoka: na mlima, na debe, na kunyamaza.

"Ni wangu," akasema. "Wako watatu."

Mtungi ukanyamaza. Nikolao, aliyekuwa mlangoni, akakaa chini. Veridiana akalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Ndipo kilio kingine kikaanza, chini ya kitanda cha mama mkwe.

"Huyo wangu, mwanangu," mama yule akamwambia Veridiana taratibu. "Kabla ya Nikolao."

Bwanali akafunga mkoba wake. Huko nje nyumba ya jirani, Mama Josephina, ilikwisha kuanza kulia, na ya pili yake, na zote hadi ukingo wa bonde, na wanawake wamesimama milangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme kwanza.