Kompyuta Mbili, Jina Moja

Jumamosi, baada ya kula uji wa mchele, Asbjørn alikaa mbele ya kompyuta ya marehemu mkewe, Borghild. Binti yake alipiga simu ya video kutoka Tromsø. Mjukuu akatokea, vijino viwili vikichungulia. Asbjørn akacheka. Mara picha ikakatika.

"Eivind! Imekatika tena!"

Mwanawe alikuwa juu, ndiyo kwanza amewasha kompyuta yake mpya. Akashuka. "Baba, mkweche huo. Jumatatu naenda kuutupa."

"Mkweche? Mkweche wa mama yako huo!"

Asbjørn alishikwa na uchungu. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika kwa vidole vya Borghild. Aliona kama anaambiwa amzike mara ya pili.

Jirani yao Turid, fundi mstaafu wa mitandao, alikuwa mezani akinywa kahawa. "Hebu ngojeni. Huwa inakatika wakati gani?"

"Kijana huyu akiwasha yake tu."

"Eivind, yako uliiandaaje?"

"Nilinakili kila kitu cha mama, nisianze upya."

Turid akaangua kicheko. "Haraka haraka haina baraka, mwanangu! Umenakili hadi jina na namba ya mtandao. Nyumba mbili zikiwa na anwani moja, mtu wa posta apeleke barua wapi?"

Wakapanda juu wote watatu. Turid akampa Asbjørn kipanya.

"Fungua mipangilio, jirani. Ingia kwenye mtandao. Unaona namba iliyoandikwa kwa mkono? Iondoe. Chagua kompyuta ipewe namba yenyewe. Kile kisanduku cha intaneti kitaipa namba ambayo haina mtu. Sasa nenda kwenye jina la kompyuta."

Jina lilikuwa "borghild".

"Si tungebadilisha la ile ya chini?" Eivind aliuliza.

"Ile ina mwenyewe," alisema Asbjørn.

Eivind akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

Asbjørn akafuta jina hilo, akaandika "eivind-juu", bila kuacha nafasi. Wakaizima, wakaiwasha upya. Ya chini nayo wakaiachia ipewe namba yenyewe, lakini jina lake hawakuligusa.

Binti alipopiga tena, Eivind alikuwa juu akifanya kazi. Picha haikukatika. Mtoto alicheza mpaka akachoka, akalala. Mama yake hakukata simu. Alimwacha babu amtazame tu, nusu saa nzima.