Zulia la Mashati ya Babu

Kuosha vyombo vya jioni zamani ilikuwa kazi ya Babu Toivo. Alisimama mbele ya sinki, mikono ya shati lake la miraba imekunjwa hadi viwikoni, akipiga mluzi. Alipofariki nikairithi mimi, na sikuipenda hata kidogo.

Jumanne moja nilikuwa na haraka ya kwenda mazoezi ya hoki. Mwenzangu Britta alikuwa tayari barabarani, gongo begani, akipiga kelele: "Kaisa, kobe wee! Leo tunaweka golini ndoo badala yako!" Nikafungua kabati la chini ya sinki, nikakisukumiza ndani kikaango kizito cha chuma. Kikaligonga bomba la maji machafu. Pale bomba linapounganishwa kwa nati, matone yakaanza kudondoka.

Ningemwita Baba, mazoezi yangenipita. Nikachomoa begini utepe wa kitambaa wa kufungia gongo la hoki. Hapa Hancock, mji wetu wa kaskazini mwa Marekani, utepe huo hutibu kila kitu: buti lililopasuka, mpini wa sepeto la theluji, hata kioo cha gari la Baba. Nikalizungushia bomba mara kumi. Matone yakakoma, nami nikakimbia zangu.

Chini ya jikoni, katika chumba cha chini ya nyumba, ulikuwepo mtambo wa kufumia wa bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Mummu. Alikuwa amechana mashati yote ya Babu kuwa vitambaa vyembamba, akawa anafuma zulia refu la kutandika kando ya kitanda chake. "Nikiamka, nataka nikanyage hapo kwanza," alisema. Lilikuwa karibu kwisha alipofanyiwa upasuaji wa goti, daktari akamkataza kushuka ngazi kwa wiki mbili. Kazi ya kumwangalizia zulia akanikabidhi mimi.

"Kaisa, umeshuka leo?" aliniuliza kila jioni.

"Nimeshuka, Mummu. Liko salama."

"Panya hawajalitembelea?"

"Wathubutu! Hata panya wanakuogopa."

Alicheka, akaniambia ahsante. Nami sikuwa nimeshuka. Vidato kumi na kimoja tu vya ngazi, na vikanishinda. Jioni tisa nilimdanganya bibi yangu, na jioni tisa alinishukuru.

Siku ya kumi Baba alirudi kutoka kazini, anakoendesha gari la kusukuma theluji, akashuka kuwasha jiko la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke kilichoko huko chini. Alipanda tena haraka, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la sinki na kulifungua.

"Nani kalifunga bomba langu bendeji?"

Nilitaka kusema sijui. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Mummu alikuwa ameketi palepale, magongo yake ya kutembelea yameegemea meza, akinitazama bila shaka yoyote. Nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema, nikaanza kulia. "Na sikushuka, Mummu. Hata siku moja."

Baba akaniongoza chini. Utepe ule, kwa kuwa ni wa kitambaa, ulikuwa umelowa maji ya vyombo na mafuta. Maji yalikuwa yamepenya sakafu ya jikoni na kudondokea mtambo. Kikapu cha vitambaa vilivyobaki kilijaa maji yanayonuka. Kwa joto la chumba kile, ukungu mweusi ulikuwa umeshalila zulia karibu nusu.

Tulilitoa zulia mtamboni, tukampelekea Mummu jikoni. Akalipapasa polepole, mkono ukasimama kwenye kitambaa kilichokuwa chekundu. Kilikatikia vidoleni mwake.

"Shati hili babu yako alilivaa Krismasi yake ya mwisho," alisema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baba akanipa tochi. "Bomba umelivunja wewe, utalitengeneza wewe. Weka ndoo kwanza."

Niliubandua utepe, nikafungua nati. Ndani, washa, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa imekunjika. Nikafuta uchafu, nikaweka washa mpya, nikakaza nati kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. Tukajaza sinki na kuachia maji yote. Nikapitisha karatasi kavu kwenye nati. Ilitoka kavu.

"Kazi ya dakika kumi na tano," alisema Baba. "Basi."

Mummu akaniita nikae karibu naye. "Bomba kuvuja si neno, mjukuu wangu. Hata ule utepe, ningekucheka tu. Lakini kila jioni nilikuuliza, na kila jioni ungeweza kuliokoa zulia kwa kuniambia kweli. Ukikosea, sema siku ileile, kungali na kitu cha kuokoa."

Goti lilipopona, Mummu alikata sehemu iliyooza, akazifunga nyuzi. Zulia likatoka fupi, halifai tena kando ya kitanda. Nilidhani atalificha. Badala yake alilitandika mbele ya sinki, mahali alipokuwa akisimama Babu.

Sasa kila jioni naosha vyombo nikiwa nimekanyaga mashati yake. Nikimaliza, Mummu huniuliza kutoka kitini, "Pakavu huko chini?"

Napiga magoti, nafungua kabati, napitisha karatasi kwenye nati. Ndipo namjibu.