Nguo Yenye Mgongo

Asubuhi ya Alhamisi Mashavu alikuwa akipepeta mchele barazani kwake, mtaa wa nyuma ya soko la Kismayu, na roho inamuuma. Chumbani mdogo wake Mwanalima alikuwa akifuma huku akiimba. Kuimba, jamani! Kana kwamba kile kitanda cha kufumia karithi yeye.

Nani aliyemfundisha kushika uzi? Mashavu. Nani aliyekaa na Bibi kule Chula mpaka akajua kufuma alindi, ile nguo ya mistari ya wazee? Mashavu huyohuyo. Mwanalima karudi juzi tu kutoka Mombasa, kachukua picha ya zamani ya Bibi, kaichapisha kwenye kitambaa, kaikata vipande vyembamba, anaifuma upya pamoja na nyuzi za alindi. Basi mji mzima ukawa Mwanalima, Mwanalima! Jumamosi wageni wangekuja kuitazama, na aliyemfundisha hatajwi.

Pichani Bibi alikaa katikati, Mwanalima mtoto kulia, Mashavu mtoto kushoto, wamevalishwa leso sare.

Wiki ile Mashavu alikuwa amekwenda Burgao kwa mwanamke mmoja asiyependa kutajwa.

"Mfumue uso," mwanamke alimnong'oneza kwa Kibajuni. "Nyuzi zitie kwenye kitezo cha ubani. Jina usitaje, moto unaijua sura. Hapana mchu atakayemkumbuka."

Mwanalima alipokwenda kuoga, Mashavu aliingia na kitezo chake. Akakaa palepale anapokaa mfumaji. Sura zilikuwa na ukungu, nyuzi zinaning'inia. Akatafuta kwa kidole. Kulia. Akachomeka sindano. Macho. Pua. Mdomo. Nyuzi zilikuwa na joto. Akazitia juu ya ubani, zikaungua bila moshi.

Akazunguka upande wa pili, aione raha yake.

Ole wake! Alindi ni mistari mitupu, mbele na nyuma ni mamoja; maisha yake yote Mashavu hakuwahi kufuma nguo yenye mgongo. Mwanalima aliifuma yake kwa nyuma, uso wa nguo ukitazama ukuta. Kulia kulikuwa kushoto. Mbele, Mwanalima mtoto alikuwa akicheka, mzima. Juu ya leso ya Mashavu palikuwa na shimo.

"Nuha!" alimwita bintiye.

Nuha akaingia. Macho yake yakampita mamake.

"Mama mdogo!" akaita kuelekea bafuni. "Nani kafukiza ubani humu?"

Mwanalima akaja mbio, maji yakimtiririka. Akalitazama shimo, asijue ni la nani. Mashavu akapiga magoti, akamshika mguu.

"Ni mimi. Dadako."

Mwanalima akajikuna mguu.

Jumamosi wageni walijaa. Walisifu kila kitu, hata lile shimo. Mmoja akauliza, "Nani kakufundisha?"

Mashavu alikuwa kasimama ubavuni mwake. Akapiga ukelele mpaka koo likakauka. Nitaje! Nitaje, mdogo wangu!

Mwanalima akafungua mdomo. Machozi yakamtoka, asijue analia nini.

"Nilijifunza mwenyewe," akasema.

Wakapiga picha ya pamoja. Ipo kwenye simu za watu mpaka leo. Watu kumi na mmoja wamebanana, lakini katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja. Mwanalima yuko kando ya nafasi hiyo, anatabasamu, na mkono wa buibui lake umekunjamana, umevutwa kwa nguvu, alama za vidole vitano.