Ejo ya Spès

Likizo ya kiangazi ya mwaka 1991 ilipofika, kazi za Spès zilikuwa zilezile kila siku: asubuhi kufagia ua, kisha kuteka maji kwenye bomba la chini, kisha kuchambua maharage na bibi yake. Jioni, kama hakuna wa kumwita, alikimbilia kichochoroni, pale Rwezamenyo, mjini Kigali, kuruka kamba na wenzake. Kamba yenyewe ilikuwa ya mpira. Spès na rafiki yake Umulisa walikuwa wameitengeneza kwa mipira ya ndani ya baiskeli iliyotupwa, wakaikata vipande virefu na kuvifunga fundo kwa fundo. Kazi hiyo iliwachukua karibu mwaka mzima. Mtaa wote haukuwa na kamba inayoruka vizuri kama ile.

Spès alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na babu na bibi yake. Babu, mzee Sibomana, alikuwa ameendesha malori ya watu miaka thelathini. Alipostaafu alinunua gari kuukuu la abiria, lile ambalo injini yake iko chini ya kiti cha mbele. Aking'oa hiki, akipigilia kile, mwishowe nyuma mkawa na kitanda cha mbao, rafu ya sufuria, jiko la mafuta ya taa na pazia la maua. Gari likawa nyumba.

Majirani walicheka mpaka wakachoka.

"Eti mtalala ndani ya kopo!" Umulisa alimtania Spès. "Babu yako akikohoa, si mtapinduka?"

"Konokono anabeba nyumba yake na hakuna anayemcheka," Sibomana alimjibu kutoka chini ya gari. "Tena nenda kacheze mbali, unanizibia mwanga."

Safari haikuwa ya mchezo. Bibi Kankindi alizaliwa kando ya Ziwa Kivu, na dada yake mkubwa, Béatha, alikuwa bado huko. Miaka kumi na moja hawakuonana. Kisha ikaja barua: "Alhamisi saa sita mchana napanda boti kwenye gati la Nyakarera. Nahamia Ijwi, upande wa Zaire, kwa mwanangu. Miguu yangu hii haitanirudisha tena. Mdogo wangu, njoo tuagane."

Kankindi aliisoma barua ile mara tatu, akaikunja, akaiweka kifuani.

Jumatatu Sibomana alimwita Spès. "Mpira wa rejeta umechoka," alisema, akimwonyesha ule mpira mnene unaopitisha maji ya kupoza injini. "Gratien, yule fundi wa pale juu, ameniwekea mwingine. Nenda kauchukue. Usipouchukua, tutakwama njiani."

"Sawa, Babu."

Lakini njia ya kwenda kwa Gratien ilipita kichochoroni, na kichochoroni kulikuwa na kamba. Jumatatu ikapita hivyo. Jumanne nayo ikapita hivyo. Jumanne jioni, Spès akiwa anakula, Sibomana aliuliza huku akihesabu spana zake:

"Na ule mpira kwa Gratien?"

"Ejo, Babu," Spès alijibu.

Kwa asiyelijua, neno hilo ni la Kinyarwanda, na katika nyumba ile Kiswahili na Kinyarwanda vilikula sahani moja. Ejo ni jana. Ejo pia ni kesho. Msikilizaji hujua ni ipi kwa maneno mengine yanayoandamana nalo. Spès hakuongeza neno. Alimaanisha kesho, akajua babu atasikia jana, akainamia sahani yake.

"Vizuri," alisema Sibomana. "Basi umo sandukuni. Tunaondoka alfajiri."

Alfajiri ileile! Spès alidhani wataondoka mchana. Gari lilipopita mbele ya karakana ya Gratien, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alifungua mdomo, akamwona bibi yake ameshika barua, akaufunga. Huenda mpira wa zamani utavumilia, aliwaza.

*

Safari ilianza vibaya ikaendelea hivyohivyo. Tangu vita vianze kaskazini, barabara zilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilitaka karatasi. Kwenye kimoja, mwanajeshi aliinua godoro, akachungulia ndani ya sufuria, akafungua hata kopo la chumvi.

"Watu gani wanatembea na kitanda?" aliuliza.

"Wazee," alijibu Sibomana.

Walipoteza saa nzima pale. Usiku walilala Kibuye, watatu kwenye kitanda cha wawili, na goti la Babu likawa kwenye mbavu za Spès mpaka kukapambazuka.

Alhamisi asubuhi walishika njia ya vumbi inayofuata ufuko kuelekea kusini. Ilikuwa njia ya kupendeza kwa mtu asiye na haraka. Ziwa lilionekana chini kabisa, la buluu iliyokolea, na visiwa vidogo vimekaa majini kama ng'ombe waliolala. Mlima uliingia ziwani kama kidole, barabara ikakizunguka, kikaja kidole kingine. Kijiji hakikuonekana, wala gari jingine.

"Baba Mutsinzi, punguza, unanitikisa figo," alisema Kankindi. Mutsinzi ndiye mtoto wao, baba yake Spès.

"Nikipunguza, boti itatusubiri?"

"Usipopunguza, utamfikishia Béatha maiti."

Saa nne kasoro, kwenye mlima, mvuke ulilipuka chini ya kiti. Kankindi alipiga kelele na kuruka nje. Sibomana alizima injini, akainua kiti, akatukana kwa lugha tatu. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka kama ndizi iliyomenywa, na maji yote yalikuwa barabarani.

Alijifuta jasho. Hakuwa na wasiwasi bado. "Si kitu. Nusu saa tu. Spès, niletee mpira mpya, umo sandukuni."

Spès hakusogea.

"Spès! Umeziba masikio?"

"Haumo, Babu."

"Haumo vipi? Nilikuuliza. Ukanijibu ejo."

"Nilisema ejo," alisema Spès, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ejo ya kesho. Sikusema uongo."

Sibomana alikuwa na spana mkononi, akaiweka chini polepole, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

"Umemsikia mjukuu wako, Mama Mutsinzi? Hakusema uongo! Ni mimi mpumbavu niliyechagua ejo mbaya!"

Kankindi alitazama jua, akaangalia barabara ya mbele. Zilibaki kilomita kumi na tano, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Kimya chake kilimuuma Spès kuliko makelele ya babu.

"Chukua dumu," Sibomana alisema. "Shuka ziwani. Maji haya utayabeba wewe."

Ziwa lilionekana karibu, lakini haikuwa hivyo. Spès alishuka kwa makalio katikati ya mihogo na migomba, akajaza dumu, akapanda akilibeba kichwani. Maji yalimwagikia shingoni, mawe yakaviringika chini ya ndala zake, na mara mbili alianguka. Alipofika juu magoti yalikuwa yanavuja damu. Hakuna aliyempa pole.

Wakati huo injini ilikuwa imepoa. Sibomana alikuwa ameuzungushia mpira kitambaa cha kitenge na kukikaza kwa waya. Walijaza maji, wakawasha, wakasogea mita mia mbili. Pssss! Kitambaa kikaloa, kikalegea, maji yakatoka tena.

"Kitambaa!" Sibomana aliupiga mlango teke. "Mimi dereva wa miaka thelathini, nafunga rejeta kwa nguo ya mwanamke! Hapa unatakiwa mpira kwa mpira. Ningekuwa na kipande tu cha mpira wa baiskeli, kirefu, chenye kuvutika..."

Spès aligeuka kuangalia gari. Chini ya mto, kule kitandani, kulikuwa na kamba yake. Alikuwa ameichukua bila kumwambia Umulisa, ili wenzake wasicheze bila yeye. Akiitoa, babu atajua siku mbili zile zilikwenda wapi. Na ikikatwa, haitarudi kuwa kamba.

Alipanda ndani, akarudi nayo mikononi.

"Babu, mpira huu hapa." Akamnyooshea kamba. "Ndiyo niliyokuwa naruka Jumatatu. Na Jumanne. Nilijua utasikia jana. Nilitaka usikie jana."

Sibomana aliipokea. Aliivuta, ikavutika, akaiachia, ikarudi. Alitoa kisu, kisha akasita. "Niikate?"

"Kata, Babu."

Akaikata fundo kwa fundo. Spès alishika ncha huku babu akizungusha, safu juu ya safu, akivuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kama mtu anayefunga mguu uliovunjika. Spès alishuka ziwani mara ya pili, safari hii bila kuagizwa. Walijaza, wakawasha, wakasubiri wakiwa wameinamisha vichwa. Tone moja. La pili halikuja.

"Mama Mutsinzi, panda," alisema Sibomana.

*

Walikwenda mwendo wa kobe ili mpira usipasuke tena. Saa sita iliwakuta njiani. Saa saba pia. Kankindi aliacha kuangalia jua, akaanza kuangalia mikono yake.

Walipofika gati la Nyakarera ilikuwa saa nane kasoro. Gati lilikuwa tupu. Palikuwa na nguzo nne, mbao chache, na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu. Ziwani hapakuwa na boti.

Sibomana alishuka. "Mzee, mwiriwe. Boti ya Ijwi?"

Yule mzee hakuinua hata macho. "Boti? Ejo."

Kankindi alisikia kutoka garini. Aliteremka, akatembea hatua tatu, akaketi chini mavumbini. "Wamepanda jana," alisema. "Barua ilikosea siku. Amenisubiri, amekwenda." Akaitoa barua kifuani, akalia bila sauti.

Sibomana alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Basi," alisema. "Twende nyumbani. Hata kama tungekuja na mipira kumi, tungeikosa." Akageuka kuelekea garini.

Lakini Spès alikuwa amesimama palepale. Neno lile lilikuwa linamzunguka kichwani. Alilijua neno lile. Alijua mahali linapojificha. Akamkimbilia mzee wa wavu, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, samahani. Ejo ipi? Iliyopita au inayokuja?"

Mzee aliinua macho, akacheka kwa meno mawili. "Mtoto wa mjini! Inayokuja. Leo mashini ya boti iko mgonjwa, hata huku haijafika. Wasafiri wote wako pale juu kwa katekista, wanapiga kelele toka asubuhi."

"Kuna mama anaitwa Béatha?"

"Yule wa kulalamika? Huyo ndiye anapiga kelele kushinda wote."

Spès alirudi mbio, akaanguka mara ya tatu siku hiyo, akainuka. "Bibi! Ejo ni kesho! Yuko!"

Kankindi hakuelewa mpaka aliporudiwa. Kisha yule mwanamke wa miguu iliyovimba akapanda kilima kile kabla ya wote, viatu mkononi. Juu, kwenye ua wa katekista, mwanamke mwembamba mwenye fimbo alikuwa akigomba na kila mtu kuhusu boti. Alisimama katikati ya neno. Fimbo ikaanguka.

"Kankindi," alisema. "Umenenepa."

"Na wewe hujaacha kelele," alijibu Kankindi, wakakumbatiana, na kwa muda mrefu hakuna aliyewasogelea.

*

Jioni, dada hao wawili wakiwa wamekaa kwenye kitanda cha gari, mlango wazi kuelekea ziwani, Sibomana alimwita Spès pembeni ya jiko. Uso wake ulikuwa bado mgumu.

"Leo boti imeharibika, ndiyo maana bibi yako anacheka," alisema. "Ingekuwa nzima, ingekuwa imeondoka tukiwa kule mlimani. Usije ukadhani ni wewe uliyetuokoa."

"Najua, Babu."

"Unasema hukusema uongo. Sikiliza. Neno lenye milango miwili si kosa, wahenga walituachia hivyo. Lakini mtu mkweli hufunga mlango mmoja kabla hajalisema, ili mwenzake asiingie pabaya. Wewe uliacha yote wazi ukakaa kimya, ukijua nitaingia wapi. Huo ni uongo, mjukuu wangu, hata kama kila herufi ni kweli. Na pale gatini ulifanya kinyume chake: uliuliza hadi ukajua. Fanya hivyo siku zote, kwa kusema na kwa kuuliza."

Spès aliitikia kwa kichwa. "Na Umulisa nitamwambia. Kamba ilikuwa ya wawili."

"Utamwambia lini?"

Spès alifungua mdomo, neno likamjia kwenye ncha ya ulimi. Akalirudisha.

"Jumamosi, Babu. Tukifika tu. Kabla sijavua viatu."

Kwa mara ya kwanza toka Kigali, Sibomana alicheka. Akamkabidhi dumu.

"Vizuri. Rejeta inataka maji ya kurudia."

"Nitayateka asubuhi, siku ya Ijumaa, kabla ya chai," alisema Spès, kisha akalitazama dumu, akasimama. "Hapana. Nayateka sasa."