Abiria wa Ildefons

Ildefons alikuwa mwepesi kuliko wote katika msafara, lakini betri yake ndiyo iliyotangulia kupungua nguvu.

Dada yake, Gaudiosa, aliligundua hilo walipopumzika mbele kidogo ya Kanazi. Walikuwa wanatoka Bukoba kwenda Muleba kwa baiskeli za umeme, safari ya siku mbili, na kazi yake yeye ilikuwa kuhakikisha kila betri inaamka imejaa. Alimjua kila mpanda baiskeli, nani mvivu anayeuachia umeme kila kitu, nani anayepiga pedali mwenyewe. Ildefons alipiga pedali hadi shati likalowa.

"Umebeba nini, wewe?"

"Sijabeba kitu, dada," alijibu, macho yake yakiwa barabarani.

Gaudiosa akabadilisha betri ya Ildefons na ya Karugendo, mzee mcheshi wa Mwanza ambaye hakuwajua kabla ya safari ile. Walipofika Nshamba, betri iliyotoka kwa Ildefons ilikuwa bado na nguvu kwa Karugendo. Ile aliyopewa Ildefons ilikuwa imekufa, naye alikuwa akisukuma baiskeli kwa mikono, anahema.

Basi ubovu haukuwa kwenye betri.

Jioni walifikia kwa mama Felicitas, mwenyeji wao pale Nshamba. Gaudiosa alizipanga betri kwenye sakafu ya saruji, mbali na mapazia, akazichaji kwa zamu ili umeme wa nyumba usizidiwe. Taa za chaja zikageuka kijani moja baada ya nyingine, isipokuwa ya Ildefons. Aliigusa betri yake. Betri inayochajiwa huwa na joto kidogo. Hii ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, tena ilinuka udongo mbichi.

Kisha akamsikia kaka yake uani, anaongea kwa sauti ya chini.

"Unaongea na nani?"

Ildefons alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli, anafunga kitenge kilichokunjwa juu ya keria. "Evelyne," alinong'ona. "Keria inamuumiza."

Evelyne alikuwa mkewe. Walimzika Kanazi, kwenye kibanja cha familia, katikati ya migomba, kabla ya mavuno ya kahawa yaliyopita.

"Asubuhi nilipita kaburini," Ildefons akasema. "Nikamkuta amekaa pale. Akaniomba nimbebe. Dada, ningemnyima vipi?"

Gaudiosa alitazama gurudumu la nyuma. Hakuna aliyekuwa juu ya baiskeli, lakini tairi lilikuwa limebonyea.

Kulipopambazuka alimweleza mama Felicitas. Mama yule akafanya ishara ya msalaba. "Waitu, mwanangu, padre atamwombea. Lakini kwanza mpelekeni kwa Muhidini, pale Muleba. Majini anayajua."

Gaudiosa alimpa Ildefons betri ya akiba, akaendesha nyuma yake, na njia nzima hakuthubutu kuyaondoa macho kwenye kiuno cha kaka yake, ambapo shati lilikuwa limekunjamana pande zote mbili kama linavyokunjamana linaposhikiliwa na mtu anayeogopa kuanguka, na kila walipopanda kilima mikunjo ile ilikaza, na harufu ya udongo ikamjia usoni pamoja na upepo, na katikati ya mlio wa mota akasikia mwanamke akiimba polepole, kwa Kihaya, wimbo wa kubembeleza mtoto, wakati Evelyne alikufa bila kuzaa.

Muhidini alitoka nje kabla hawajabisha hodi. Wapanda baiskeli wengine wakakaa kwenye benchi ukutani. Muhidini aliizunguka baiskeli akisoma dua, akanyunyiza maji, kisha akamvuta Ildefons karibu.

"Kijana, huyu si mkeo. Wafu hawana uzito. Huyu ni jini, amekuja kwa mlango wa majonzi yako."

"Sauti ni yake, mzee."

"Ameiazima. Wewe ndiye uliyempandisha, wewe ndiye utakayemshusha. Mwambie ashuke aende zake. Ila usimwite jina. Ukimpa jina la mtu, umempa na mwili."

Ildefons alikuwa analia. Aliishika mikono ya baiskeli, akafumbua mdomo, akaufumba. Gaudiosa akamwekea mkono mgongoni. "Sema, ndugu yangu. Sema upone."

"Shuka," alisema. "Shuka uende." Kisha kilio kikamzidi. "Nisamehe, Evelyne."

Tairi likainuka.

"Nilikukataza!" Muhidini akapiga kelele, akirudi nyuma hadi ukutani.

Pale kwenye benchi, Karugendo, ambaye hakuwahi kumwona Evelyne maishani mwake, alinyanyuka haraka, akavua kofia na kupangusa alipokuwa amekaa.

"Karibu dada," alisema kwa upole. "Pole na safari. Kaa hapa."

Na ubao wa benchi ukalia, kama unavyolia ukikaliwa.