Flashi ya Tausi

Siku walipokutana, Mhariri alikuwa amekumbatia boksi la kioo cha kompyuta lililomzidi upana, akipanda ngazi za jengo la vifaa vya umeme huku watu wakishuka kama waliofukuzwa. Alivaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe zilizokwisha kukanyagwa mara kadhaa. Fundi naye alikuwa akishuka, bisibisi nyuma ya sikio, macho kwenye simu. Wakavaana.

"Wee! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa hayajapata cha kutazama."

Mhariri alitaka kumtukana, akajikuta anacheka. Ndivyo mambo haya yanavyoanza, na anayekuambia yeye alianza kwa busara ni mwongo.

"Kioo kikivunjika utanitambua."

"Mashine yake iko wapi?"

"Imekufa. Nahariri video za harusi, nimezoea macOS, lakini nataka mashine yenye nguvu, ya kuungwa na fundi, si ya dukani."

"Basi umegongana na mwenyewe," alisema Fundi, akalichukua boksi mikononi mwake.

Kweli alikuwa mwenyewe. Mfumo wa macOS umezoea kukaa kwenye mashine za kiwandani kwake. Kuuingiza kwenye kompyuta uliyoiunga mezani, kipande kutoka huku na kingine kutoka kule, kunataka mshenga. Mshenga huyo ni folda ndogo ya maelekezo, inakaa kwenye flashi, na mashine huisoma kwanza kila inapowashwa. Ikishawaka haimhitaji tena. Lakini ukiizima, bila mshenga mashine na mfumo hawajuani.

Fundi aliiunga ile kompyuta juu ya meza ya Mhariri, sebuleni kwa shangazi yake. Ikawaka. Kisha zikaanza simu.

"Mpenzi, imelala haiamki."

"Nani, wewe au mashine?"

"Mashine, mjinga wewe!"

"Usiguse kitu, laazizi. Nakuja."

Kesho yake sauti haitoki. Keshokutwa kipanya hakisikii. Fundi alikuja kila mara na shati lililopigwa pasi, akaondoka amechelewa. Shangazi, aliyekuwa mwanamke mnene wa maneno, akamwuliza mlangoni, "Wewe baba, mgonjwa huyu haponi, au dawa yako ndiyo inamwuguza?"

"Anapona, shangazi. Polepole."

Alimpa Mhariri masharti mawili: asiizime mashine mwenyewe, na asibonyeze sasisho la mfumo kabla ya kumwita. Halafu siku moja, amemshika kiuno, akamwambia neno ambalo hakuna aliyemwomba aliseme. "Wewe ndiye wa kwanza kumjengea mashine ya namna hii. Hakuna mwingine."

Mhariri akaliweka neno hilo moyoni.

Asubuhi moja Fundi alikuwa jikoni anakaanga mayai, amejifunga khanga ya shangazi kiunoni, anapiga mluzi. Mhariri akaona vumbi kwenye feni, akaizima mashine, akaipangusa, akaiwasha tena. Kioo kikaonyesha majina mawili ya diski. La kwanza lilikuwa lake. La pili liliandikwa TAUSI.

"Mpenzi! Tausi ni nani?"

Mluzi ukakatika.

"Nakuuliza, Tausi ni ndege gani anayetaga ndani ya mashine yangu?"

Fundi akatokea na mwiko mkononi. "Ni jina tu la flashi. Mashine yake ilikuwa na vipande kama vyako, nikanakili folda ili isisumbue."

"Mashine ya nani?"

"Ya... mtu wa zamani. Alikuwa anarekodi muziki."

"Ulimpenda?"

Mwanamume mwenye akili angetafuta maneno. Huyu akatazama mwiko.

"Kumbe mimi ni wa kwanza baada ya wa kwanza," alisema Mhariri taratibu. "Umenipakulia makombo ya mwenzio, nami nimeyala huku nikisema asante. Toka."

"Laazizi, nisikilize..."

"Toka na khanga ya shangazi uiache!"

Fundi akatoka kwa aibu, mayai yakaungua. Mhariri akachukua mfuko akatia kila kilichokuwa cha yule mwanamume: mswaki, kandambili, shati la mistari, chaja. Mwisho akaiona ile flashi nyuma ya mashine. Akaichomoa kwa kucha mbili, kama mtu anayetoa kupe. Mashine ikaendelea kuwaka bila wasiwasi.

"Umeona?" alimwambia shangazi. "Hata kazi haikuwa nayo. Ilikaa tu kula nafasi yangu."

Mfuko ukapelekwa na dereva wa pikipiki hadi kibandani kwa Fundi. Naye, kwa kiburi chake, akautundika msumarini bila kuufungua.

Siku chache baadaye umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, kompyuta ilitoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi: hakuna diski ya kuwashia. Mhariri akazima, akawasha. Maandishi yale yale. Akachomoa nyaya, akazichomeka, akaipiga kofi ubavuni. Maandishi yale yale.

Ndani ya mashine ile ilikuwamo harusi ya mdogo wake, yote. Kadi za kamera zilikwisha kufutwa na kurekodiwa kazi nyingine. Jumamosi mdogo wake alikuwa anasafiri na mumewe kwenda kwa baba mkwe, mzee aliyelala kitandani na hakuweza kuhudhuria, na filamu hiyo ndiyo njia yake pekee ya kuiona harusi.

"Amenitega," alisema Mhariri. "Shangazi, yule mtu ameacha mtego ndani ya mashine."

"Si nilikwambia? Mwanamume anayejua kukaanga mayai ana siri."

Mhariri hakulia. Aliketi, akafungua kundi la wahariri wote wa mji kwenye simu, akaandika kwa raha: fundi fulani wa ghorofa ya chini ukimwacha anaua mashine yako kwa mbali, tazameni maandishi haya meupe, msimpe kazi. Akaweka na picha. Watu husema kisasi hakina faida. Waliosema hivyo hawajawahi kukionja kikiwa cha moto. Kufika jioni wateja wawili wa Fundi walikuwa wamechukua mashine zao, na mmoja hakumsalimia hata.

Fundi akaitazama ile picha. Akainua macho kwenye mfuko msumarini. Akaufungua, akapekua chini ya kandambili, akaitoa flashi.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mayai.

"Kumbe umenirudishia funguo za nyumba yako mwenyewe," aliiambia ile picha. "Haya. Lala nje." Akaitia flashi mfukoni, akakaa kimya. Alijua tiba, na tiba yenyewe ilikuwa inamgusa paja kila alipotembea. Alijisikia vizuri kiasi cha kujiogopa.

Ijumaa akakutana ngazini na fundi wa ghorofa ya pili, aliyepewa jina la Futa-Futa kwa sababu kila ugonjwa alioletewa aliutibu kwa kufuta diski nzima.

"Nakwenda kwa yule bibie wako," alisema Futa-Futa akitabasamu. "Mashine uliyoiua, mimi naifufua. Naipiga fomati, naweka mfumo mwingine, imekwisha."

"Umemwambia kwamba vilivyomo vitapotea?"

"Nimemwambia nasafisha kidogo."

Futa-Futa akaenda zake. Fundi akabaki ameshika reli ya ngazi. Hakuhitaji kufanya lolote. Angerudi tu kibandani, apike chai, na kisasi kingejipika chenyewe. Lakini kwenye harusi ile yeye ndiye aliyebeba taa za Mhariri kutwa nzima, na alimwona bibi harusi akigeukia kamera na kumpungia baba mkwe ambaye hakuwapo. Akatukana kwa sauti, kisha akapiga simu. Mhariri akaikata. Akapiga tena. Ikakatwa. Akampigia shangazi.

"Wewe si ndiye Bwana Tausi?"

"Ndimi, shangazi. Nitukane baadaye. Mwambie Futa-Futa asiguse kitufe hata kimoja, atafuta harusi yote. Nipo njiani."

"Mwongo!"

"Kaa mbele ya mashine, shangazi. Nakuomba."

Shangazi hakumwamini, lakini kukaa alijua. Fundi alipofika alimkuta ameegemea kompyuta, miguu ameinyoosha, na Futa-Futa amesimama pembeni kama mtu aliyenyimwa kiti. Mhariri alivaa gauni lile lile la haradali, macho mekundu.

"Umekuja kutazama ulichofanya?"

Fundi alichomeka flashi, akabonyeza kitufe. Majina mawili yakatokea. Kisha mandhari, kisha mafaili, kisha bibi harusi akicheka katikati ya fremu pale pale alipoachwa.

Futa-Futa akakumbuka ana mgonjwa mwingine.

"Ilikuwa kwenye mfuko," Mhariri alinong'ona. "Niliichomoa mimi. Nikakutangaza mji mzima."

"Ndiyo, mteja."

"Nani mteja?"

"Wewe, mteja wangu. Naomba nafasi nimalizie kazi."

Neno hilo lilimwingia kuliko tusi. Fundi akavuta kiti, akanakili ile folda kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya ndani, akaizima mashine, akachomoa flashi, akaiwasha. Ikawaka yenyewe, na kwenye kioo lilibaki jina moja tu.

"Fundi yeyote mwaminifu hufanya hivi siku ya kwanza," alisema bila kumtazama. "Mimi niliiacha kwenye flashi makusudi, ili uwe unaniita. Na kuhusu Tausi nilikudanganya, kwa sababu nilitaka nikupe kitu ambacho sikumpa mwingine, na sikuwa nacho. Sasa mashine ni yako. Hunihitaji tena, mteja."

Akaivunja flashi vipande viwili kwa vidole vyake, akaviacha juu ya meza, akaenda zake. Hicho ndicho kilichokuwa kisasi chake, na ninakiri kilikuwa kizuri.

Mhariri alimaliza filamu usiku huo, mdogo wake akasafiri nayo. Baba mkwe aliitazama, akaomba irudiwe. Mhariri akaandika tena kwenye lile kundi: mtego niliuweka mwenyewe, fundi hana kosa, mrudishieni kazi. Wateja wakarudi kwa Fundi. Yeye hakumpigia Mhariri.

Wiki ikapita. Mashine haikulala bila kuamka, sauti ilitoka, kipanya kilisikia. Mhariri aliichukia kwa uzima wake. Akahamisha kazi zake zote kwenye diski ya nje, akaiweka kabatini, kisha akapiga simu.

"Karibu, mteja," ilijibu sauti ya Fundi. Nyuma yake watu walikuwa wakigombea zamu.

"Mashine inataka sasisho la mfumo."

"Usibonyeze."

"Kwa nini? Si ulisema sikuhitaji?"

"Nimesema usibonyeze, mteja. Itakufa."

"Niite kama zamani."

Fundi alikohoa.

"Mteja..."

Mhariri akaisogeza simu karibu na kipanya ili asikie vizuri, akabonyeza.

"Umefanya nini? Wewe mwanamke! Umefanya nini?"

"Ulinifanya nisikuhitaji. Nami nimejifanyia nikuhitaji. Ngoma droo."

"Kioo kinaonyesha nini?"

"Subiri kidogo." Wakasubiri wote wawili, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mashine ilipojizima na kujiwasha. "Maandishi meupe."

Fundi alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Aliitazama foleni ya wateja waliomsusa juzi tu, akachomeka bisibisi nyuma ya sikio.

"Rudini kesho!" aliwaambia. Kisha kwenye simu, "Nakuja, laazizi. Nina flashi mpya."

"Ina jina la nani?"

"Haina jina bado."

"Njoo nayo hivyo hivyo," alisema Mhariri. "Nitaliandika mwenyewe, tena kwa herufi kubwa."